Mficha Maradhi: Lugha Yetu Katika Siku za Korona
(Sehemu ya Pili)

Tarehe 3 Machi 2020, katika Ikulu ya Dar es Salaam, viongozi wawili walisalimiana kwa miguu. Rais John Magufuli alitoa mguu wake, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha ACT Wazalendo akatoa wake, viatu vikagusana, na nyuso zote mbili zilikuwa na bashasha. Picha ile ilizunguka upesi kwenye simu zetu, na kila aliyeipokea aliipeleka mbele na neno lake: huyu kicheko, yule dua, mwingine swali. Siku hiyo Tanzania ilikuwa haijatangaza mgonjwa hata mmoja wa korona. Wa kwanza alitangazwa tarehe 16 ya mwezi huohuo.

Mwaka mmoja na wiki mbili baadaye, wote wawili walikuwa wametangulia mbele ya haki. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021, wiki chache baada ya chama chake kuutangazia umma kwamba ameugua korona. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na serikali ilitangaza kwamba sababu ilikuwa maradhi ya moyo. Kati ya picha ile ya miguu na misiba ile miwili, Waswahili tulisema na kuandika mengi kuhusu maradhi, na mengine mengi tuliyazunguka bila kuyasema.

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliona jinsi watu wa pwani na bara walivyoyapa majina maradhi ya zamani: ndui, tauni, kipindupindu, na kidingapopo, neno ambalo baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba ndilo lililozaa jina dengue linalotumika duniani kote. Tuliona pia kwamba chikungunya ni neno la Kimakonde lenye maana ya kupinda, kwa kuwa maumivu ya viungo humkunja mgonjwa. Wazee wetu walipoutaja ugonjwa, waliutaja kwa kile unachomfanyia mtu.

Wiki hii hoja yangu ni moja. Lugha yetu ina desturi nzuri ya kusitiri, na desturi hiyo, iliyotufaa katika mengi, ilitugharimu katika janga. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tuliirudia methali hiyo, kisha tukaendelea kuficha.

Majina yaliyoshika na yaliyochelewa

Shirika la Afya Duniani liliupa ugonjwa jina rasmi la COVID-19 tarehe 11 Februari 2020. Mwaka 2015 shirika hilo lilikuwa limetoa mwongozo kwamba ugonjwa mpya usiitwe kwa jina la mahali, la watu wala la mnyama, kwa sababu jina la namna hiyo huwachafulia sifa wasiohusika. Watu wa mitaani hawakulingoja jina hilo rasmi. Walisema korona, wakaiweka katika ngeli moja na njaa na mvua: korona imeingia, korona imepungua, korona haipo. Wengine waliipandisha hadi ngeli ya watu, wakasema korona kaja, korona karudi. Mwalimu wa sarufi angeweka alama nyekundu hapo, lakini anayesema hivyo ana maana yake: ameuona ugonjwa kama mgeni mwenye nia na hila zake.

Neno virusi nalo lina kisa. Lilitoka Ulaya likiwa katika umoja, lakini silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi tulichozoea katika viti na vikombe. Basi Mswahili akalichongea umoja wake: kirusi kimoja, virusi vingi. Ni ufundi uleule uliotumika tulipolipokea neno kitabu kutoka Kiarabu, tukalizalia vitabu. Lugha iliyo hai haiombi ruhusa ya kupokea kitu kipya. Hukivalisha nguo za nyumbani na kukipa kazi.

Jina UVIKO-19 lilienea katika nyaraka na taarifa za Serikali ya Tanzania hasa kuanzia mwaka 2021. Limeundwa kwa kufuata mpangilio wetu wenyewe: Ugonjwa wa Virusi vya Korona. Kwa Kiingereza neno ugonjwa hukaa nyuma, ndiyo maana herufi D ya COVID iko mwishoni. Kwetu ugonjwa hutangulia na maelezo yake hufuata, kwa hiyo U ikakaa mbele. Ni neno lililotengenezwa kwa akili, na walioliunda wanastahili heshima. Tatizo lake ni kwamba lilifika wakati korona imeshakaa vinywani kwa mwaka mzima, ikiwa na hofu zake na misiba yake. UVIKO likabaki neno la mabango na hotuba.

Kisha likapata maisha ambayo hayakutarajiwa. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikajenga vyumba vya madarasa 15,000. Watu wakaviita madarasa ya UVIKO. Leo kuna mtoto anayejifunza hesabu katika darasa la UVIKO na hana kumbukumbu yoyote ya ugonjwa wenyewe.

Linganisha na barakoa. Neno hili halikubuniwa mwaka 2020. Pwani ya Afrika Mashariki ililijua kwa vizazi kama kifunika uso cha wanawake, vazi lililoshabihiana na la wanawake wa Oman. Lilikuwa limebaki kwa wazee na kwenye kamusi. Janga lilipokuja likaamka, likashika kazi mpya Unguja, Dodoma, Mombasa na Nairobi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Neno lenye mizizi hushika upesi, kwa sababu msikilizaji hulipokea kama mali yake.

Karantini nayo ilikuwepo siku nyingi. Kisiwa cha Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kiliwahi kutumika kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Lakini mwaka 2020 neno hilo lilibadilika ladha, hasa Kenya. Wasafiri na waliokutana na wagonjwa waliwekwa karantini ya lazima kwa siku 14, na wengi walidaiwa gharama za kukaa huko. Neno la kinga likageuka neno la adhabu. Mtu akiogopa neno, huogopa pia kupimwa, maana kupimwa ndiko kunakompeleka kwenye neno lile.

"Ugonjwa ule"

Mswahili mwenye adabu hasemi kila jambo kwa jina lake. Mwanamke mwenye mimba ni mjamzito, akizaa amejifungua. Anayetaka choo huomba kwenda haja. Aliyekufa ametutoka. Wanaisimu huiita mbinu hii tafsida, na mtoto hujifunza mapema, kwa kukatazwa na bibi yake kabla hajakatazwa na mwalimu. Sina ugomvi na tafsida. Bila hiyo hatungeweza kukaa wakwe na wakaza wana katika chumba kimoja.

Ukimwi ulikuwa mtihani wetu wa kwanza mkubwa wa zama hizi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huko watu waliuita Juliana, jina la mashati ya biashara ya magendo yaliyopita mpakani siku zile, na Uganda waliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Baadaye mijini tukasikia ngoma, mdudu, umeme, kukanyaga miwaya. Matangazo ya vifo yakasema marehemu ameugua kwa muda mrefu, na kila msikilizaji akaelewa alivyoelewa. Ilituchukua miaka mingi, na makaburi mengi, kufika mahali ambapo mtu anaweza kusema mbele za watu kwamba anaishi na VVU.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 tafsida hiyo ilirudi kwa sura mpya. Katika salamu za rambirambi na katika mazungumzo ya simu lilitawala fungu moja la maneno: changamoto ya upumuaji. Wengine walisema nimonia. Wengine waliandika ugonjwa ule, ile kitu, mambo yetu yale. Viashiria hivi vidogo, ule na ile na yale, vilibeba mzigo mkubwa. Vilimwambia msomaji: mimi na wewe tunajua, basi tusiseme.

Nalipima neno changamoto kwa sababu tumelizoea mno. Ofisi zetu hulitumia kufunika kila tatizo, kuanzia maji yaliyokatika hadi barabara iliyobomoka. Likiwekwa kwenye ugonjwa, hufuta jambo moja kubwa. Ugonjwa wa kuambukiza una njia: umetoka kwa fulani, ukapita kwa fulani. Changamoto haina njia, haina mwanzo wala anayefuata. Ukiambiwa jirani yako amekufa kwa maradhi ya kuambukiza, utauliza nani alimuuguza, nani alimwosha, nani alilala chumba kimoja naye. Ukiambiwa amekufa kwa changamoto ya upumuaji, utasema poleni sana, utakwenda msibani na utakaa mkekani bega kwa bega na waliomuuguza. Adabu ya neno moja imekunyima habari iliyokuwa na uwezo wa kukuokoa.

Kwa nini tulisema hivyo? Sababu ya kwanza ni heshima kwa wafiwa. Ya pili ni hofu ya mazishi. Kwetu maziko ni haki ya marehemu na ya jamaa zake, na familia nyingi ziliogopa kunyimwa watu, kunyimwa kuosha na kuaga. Jina la ugonjwa lingeweza kuwaletea mazishi ya haraka yenye watu wachache, kwa hiyo jina likafichwa ili maziko yasalimike.

Sababu ya tatu ilikuwa hali ya nchi. Mapema Mei 2020, takwimu zilipofikia wagonjwa 509, Tanzania iliacha kuzitangaza, na ukimya huo uliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Julai 2020 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa hatari bila idhini ya mamlaka husika. Mtu wa kawaida hakuwa amezisoma kanuni hizo, lakini harufu yake ilimfikia. Tafsida iliyozaliwa na heshima ikapata ndugu wa kambo, tafsida iliyozaliwa na tahadhari. Kwa macho zilifanana, na mara nyingi hata msemaji mwenyewe hakujua ni ipi iliyokuwa ikimwongoza ulimi.

Ndiyo maana nathamini tamko la chama cha ACT Wazalendo la mwishoni mwa Januari 2021 kwamba Maalim Seif, wakati huo Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ameambukizwa korona. Lilikuwa tamko fupi, na halikumvunjia mgonjwa heshima. Siku hizohizo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwaonya waumini kuhusu wimbi jipya la maambukizi. Matamko yote mawili yalitoka kwa watu wazima wanaojua adabu ya Kiswahili, na hayakuwa na matusi wala hofu iliyokuzwa. Yalionyesha kwamba mtu anaweza kuutaja ugonjwa na kubaki mstaarabu.

Mtani na msiba

Wapo waliokasirishwa na vicheko vya siku zile. Wakauliza inawezekanaje watu wacheke wakati wengine wanakufa. Swali hilo linasahau mila zetu. Tanzania ina utani, uhusiano wa makabila na koo ambao kazi yake kubwa huonekana msibani. Mtani huja kwenye kilio akimwigiza marehemu, hudai deni ambalo halipo, huzuia shughuli mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Kicheko hicho ni huduma, nacho huwarudisha wenye msiba upande wa walio hai.

Korona ilipoingia, watu waliitania kama walivyotania mauti siku zote. Walitania kunawa mikono hadi ngozi inachubuka, walitania barakoa, walitania nyungu za kujifukiza. Mei 2020 Rais Magufuli aliposema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilirudi na majibu ya kuwa na maambukizi, papai likawa neno la utani katika nchi zetu zote. Kenya nako, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipoonya kwamba tukiendelea kuishi kwa kawaida ugonjwa huu hautatutendea kwa kawaida, kauli hiyo aliyoitoa kwa Kiingereza ilirudiwa na kugeuzwa kwa kila namna. Nayo ilikaa. Watu waliicheka kwa wiki nyingi, na kila waliporudia kicheko walikuwa wanarudia onyo.

Hata hivyo utani una mipaka, na hapo ndipo simu ilipotupotosha. Mtani anajulikana. Ana haki ya kutania kwa sababu kesho na yeye atataniwa, na anakaa mahali ambapo anayaona macho ya mfiwa. Akiona ameumiza, hunyamaza au huomba radhi. Maneno yaliyotumwa kwenye simu hayaoni macho ya mtu. Kichekesho kilichoandikwa Mwanza humfikia mwanamke wa Tanga aliyemzika mumewe asubuhi hiyo. Yeye hana utani na aliyekiandika, hawezi kumdai radhi, na hajui hata jina lake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mzaha ulioanza kwa kupunguza hofu uliishia, kwa baadhi yetu, kuwa sababu ya kuamini kwamba hakuna cha kuhofia.

Vita na dua

Serikali za dunia nzima ziliazima maneno ya vita. Nasi tukasema mapambano dhidi ya korona, adui asiyeonekana, wahudumu walio mstari wa mbele. Lugha ya vita huwaunganisha watu upesi, na manesi na madaktari walistahili kuitwa mashujaa. Lakini vita ina maadili yake, na la kwanza ni kutoonyesha woga. Mara tulipokubali kwamba tuko vitani, barakoa ikaanza kuonekana kama dalili ya woga, na kukaa mbali na watu kukaonekana kama kukimbia. Uliposikika wito kwamba tusitishane, kwamba hofu ni mbaya kuliko ugonjwa, uliingia katika masikio yaliyokwisha kutayarishwa. Ugonjwa hauheshimu ushujaa. Anayejikinga na mvua haitwi mwoga. Hiyo ndiyo lugha ambayo ingetufaa.

Dua ni jambo jingine, na nalisema kwa unyenyekevu. Kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020 Tanzania ilikuwa na siku tatu za maombi ya kitaifa. Msikitini na kanisani, na katika simu pia, maneno ya dua yalikuwa mengi kuliko maneno mengine yote. Wasomi wengine waliyaona kama kikwazo kwa sayansi. Mimi naona dua iliwapa watu jambo la kufanya walipokuwa hawana la kufanya, na iliwakutanisha Mwislamu na Mkristo katika sentensi moja. Kosa lilikuwa kuigeuza dua kuwa tangazo la ushindi. Imani zetu hazikufundisha hivyo. Mafunzo ya Kiislamu yanamtaka mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amwachie Mungu. Anayeomba Mungu amwepushe na maradhi, kisha akanawa mikono, hajapunguza imani yake hata chembe.

"Kama nilivyopokea"

Katika hotuba yake huko Munich tarehe 15 Februari 2020, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema dunia inapambana na mlipuko wa ugonjwa pamoja na mlipuko wa habari. Kwetu mlipuko huo wa pili ulikuwa na sarufi yake. Ulianza na inasemekana, nasikia, wanasema. Uliishia na kama nilivyopokea, au tuma kwa ndugu zako wote. Maneno haya humtoa msemaji kwenye lawama: yeye si mwenye habari, ni mpitishaji tu. Na lugha yenyewe imetupa methali ya kuukaribisha uvumi ndani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sikiliza uvumi unavyozungumza, kisha usikilize tangazo. Uvumi husema ndugu zangu, jamani, mama zangu, nawaambia kwa uchungu. Mara nyingi ni sauti ya mtu, yenye pumzi na kigugumizi, anayesema anafanya kazi mahali fulani na ameona kwa macho yake. Tangazo husema wananchi mnatakiwa, inasisitizwa, hatua stahiki zitachukuliwa. Uvumi umevaa kanga na kukaa jamvini pamoja nasi. Tangazo limesimama juu ya meza. Basi anayeshangaa kwa nini watu waliamini sauti isiyo na jina kuliko taarifa yenye mhuri hajasikiliza tofauti ya lahani.

Lakini lahani peke yake haitoshi kueleza. Nenda Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, ambako Ebola ilizuka Agosti 2018 na kumalizwa Juni 2020, ikiwa imewashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Ni nchi ya Kinande na Kiswahili. Watu wengi huko walisema Ebola ni biashara, Ebola ni siasa. Kabla hujawacheka, kumbuka walikotoka. Tangu mwaka 2014 walikuwa wakiuawa na makundi yenye silaha bila msaada wa maana kufika. Ebola ilipokuja, magari na fedha vilifika haraka. Kisha Desemba 2018 uchaguzi mkuu ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati maeneo mengine ya nchi yakipiga kura. Aliyesema Ebola ni siasa alikosea kuhusu virusi, ila kuhusu jinsi alivyotendewa alikuwa na hoja.

Huko pia Kiswahili chenyewe kilitakiwa kushuka kutoka vitabuni. Kwa Mkongomani munganga ni daktari wa hospitali. Kwa Watanzania wengi, mganga asiye na cheo cha serikali ni wa tunguri na mizizi. Ukiandika bango moja la Kiswahili na kulisambaza kutoka Dar es Salaam hadi Butembo, usidhani umewaambia watu jambo moja.

Kenya nako shaka ilikuwa na chanzo. Mwaka 2020 ilipofichuka kashfa ya ununuzi wa vifaa katika mamlaka ya ugavi wa dawa, KEMSA, zabuni za shilingi bilioni 7.8 zikachunguzwa, na watu wakaanza kuwaita waliotajirika kwa janga mamilionea wa Covid. Mwananchi aliyefungiwa ndani kwa kafyu, biashara yake ikafa, kisha akasoma habari hizo, alikuwa na sababu ya kuandika kwamba korona ni mradi wa watu. Uvumi huota pale ambapo ukweli ulichelewa au mwaminifu alikosekana.

Mama alipozungumza

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani, baada ya Tanzania kupokea dozi 1,058,400 za chanjo. Kwa miezi mingi kabla ya hapo maneno ya kutisha yalikuwa yamesambaa kuhusu chanjo, alama za mnyama na mengineyo. Katika hotuba ya siku hiyo Rais alijieleza kwanza kwa udugu: kwamba yeye ni mama wa watoto wanne wanaomtegemea, ni bibi wa wajukuu, ni mke, na ni kiongozi, na hawezi kujipeleka kwenye hatari kwa hiari yake. Hapo tangazo lilishuka kwenye meza na kukaa jamvini. Alitumia lugha ileile ambayo uvumi ulikuwa umeihodhi.

Kampeni iliyofuata ilikuja na kaulimbiu ya maneno mawili, Ujanja Kuchanja. Vina vyake vinakaa mdomoni, na neno ujanja limechaguliwa vyema. Kwa kijana wa mjini mjanja ni mtu wa kuigwa. Kaulimbiu ile iliihamisha sindano kutoka upande wa woga hadi upande wa werevu. Mashaka hayakuisha siku hiyo, na watu wengi walichukua muda kuamua. Hata hivyo tulikuwa tumeanza kujifunza kwamba mtu huambiwa ukweli kwa lugha anayoipenda.

Je, tumejifunza kweli? Machi 2023 huko Bukoba watu walikufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni uliitwa usiojulikana. Tarehe 21 mwezi huo serikali ikautaja: Marburg. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 9, sita wakafariki, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo. Kwanza tuliambiwa vipimo havikuonyesha ugonjwa huo, kisha tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha upo. Ulimalizwa Machi. Mara zote mbili, jina lilipotajwa ndipo watu walipojua la kufanya. Tunakwenda mbele, lakini bado tunasita mlangoni.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia jinsi wahudumu wa afya ya jamii wanavyozungumza na kaya za vijijini. Kwa leo naomba mambo matatu. Kwa wenye mamlaka: utajeni ugonjwa mapema, kwa jina moja ambalo bibi kijijini anaweza kulitamka, na mseme nasi kama watu wa nyumba moja. Kwa wanaoandika na kutuma: ukikuta maneno ya kama nilivyopokea, yaishie kwako mpaka umpate mwenyewe aliyeona, na kabla ya kutuma kichekesho mkumbuke aliyefiwa leo.

Ombi la tatu ni kwetu sote. Ukifiwa na mtu wako kwa maradhi ya kuambukiza, msitiri marehemu kwa yote ila hilo. Muoshe kwa heshima kwa namna iliyo salama, mzike kwa dua, na waambie waliokuja kukupa pole kilichomuua, ili warudi makwao wakijua la kufanya. Hiyo ni sadaka ya mwisho anayoweza kuitoa kwa walio hai, na wewe ndiye wa kuifikisha.